Ngazi ya Nyuzi: Kikao cha Kuamua Hatima ya Filamu Isiyokwisha

UMOJA WA WACHORAJI WA KATUNI WA MARIKINA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumapili, 15 Novemba 2009

Mahali: Ghorofa ya juu ya iliyokuwa karakana ya viatu ya familia ya Macaraeg, Marikina, Ufilipino. (Ghorofa ya chini bado ina tope. Wajumbe walipanda bila viatu.)

Waliohudhuria:
Bw. Leandro Macaraeg, Mwenyekiti
Bi. Erlinda Tolosa, Katibu, zamani akipaka rangi michoro ya filamu
Bw. Anacleto Villaruz (Mang Cleto), mwongozaji wa filamu
Bi. Perla Dumlao, mchoraji mkuu
Bw. Rogelio Bantug, mpiga picha
Wajumbe wengine wa kawaida, kama walivyotia saini mlangoni

Mgeni mwalikwa: Bi. Soledad Icasiano, mwalimu mstaafu na mwandishi wa riwaya ya Ngazi ya Nyuzi

Aliyetoa udhuru: Bw. Wilfredo Sanggalang, yuko kazini Dubai. Alituma salamu na kuomba wajumbe wasigombane mpaka arudi naye ashuhudie.

KUMB. NA. 1/11/2009: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na robo mchana baada ya Bw. Bantug kumaliza kupandisha projekta. Bi. Dumlao aliongoza sala. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika ilhali wengi bado wanakomba tope majumbani mwao. Aliwaomba wazungumze kwa staha kwa sababu kulikuwa na mgeni. Bw. Bantug aliuliza kama mgeni asingekuwapo wangezungumza vipi. Mwenyekiti aliendelea na ajenda.

KUMB. NA. 2/11/2009: HISTORIA FUPI KWA WAJUMBE WAPYA

Mwenyekiti alieleza kwamba Umoja ulianzishwa na wachoraji waliokuwa wameajiriwa kuchora katuni za watoto wa nchi nyingine. Mchana walichora mashujaa wa watu. Jumamosi na Jumapili walikutana katika karakana hii, enzi za uhai wa baba yake, wakachora wa kwao.

Wa kwao alikuwa Isay, msichana mfumaji katika riwaya ya Bi. Icasiano. Katika hadithi hiyo nyoka wa baharini, aliyekwisha kuimeza miezi mingine yote ya angani, anaumeza mwezi wa mwisho, na usiku unakuwa giza tupu. Isay anafuma ngazi ya nyuzi, anapanda mpaka kwenye kinywa cha nyoka, na kuutoa mwezi kwa mikono yake. Bi. Icasiano aliwapa ruhusa ya kuifanya filamu kwa neno la mdomo, akawapa na sahani ya tambi.

Mwenyekiti aliendelea kwamba miaka mingi baadaye filamu ilikaribia kuisha na ikapangiwa siku katika tamasha la filamu la Manila. Wiki ile ile ya tamasha mwongozaji aliiondoa. Baada ya hapo wajumbe walitawanyika, wengine Singapore, wengine California, wengine kwenye meli, na kazi ikawa inafanyika kidogo kidogo.

Bw. Bantug aliomba iandikwe kwamba "kidogo kidogo" ni lugha ya heshima. Alisema: "Binti yangu alizaliwa, akasoma, akaolewa. Isay bado yuko chini ya ngazi anatazama juu."

Wajumbe walicheka. Mang Cleto hakucheka.

KUMB. NA. 3/11/2009: HALI YA FILAMU BAADA YA MAFURIKO YA SEPTEMBA

Bw. Bantug alitoa taarifa. Alikumbusha kwamba michoro yote ya asili ilikuwa nyumbani kwa Mang Cleto, ghorofa ya chini, karibu na mto, kwa kuwa mwenyewe hakukubali ikae kwa mtu mwingine yeyote. Maji yalipoingia yalifika darini. Mang Cleto na mkewe waliokolewa juu ya paa. Michoro haikuokolewa.

Karatasi zilivimba. Zile za plastiki angavu, ambazo ndizo zenye rangi, ziligandamana na tope katikati, na ukijaribu kuzibandua, rangi inabaki upande mmoja na uso unabaki upande mwingine. Bi. Dumlao alizichukua zilizowezekana akazianika kwenye kamba uani kwake. Alisema jirani alimuuliza anafua nguo za nani. Alimjibu kwamba anafua ujana wake.

Kilichosalia ni mikanda iliyokuwa nyumbani kwa Bw. Bantug kule Antipolo, mlimani. Sehemu ya kwanza ya filamu ipo nzima na ina rangi. Sehemu ya kati ipo, ila vipande vingi ni vya penseli tu. Kipande cha kupanda ngazi hakipo kabisa. Kilikuwa kinachorwa upya kwa mara ambayo hakuna aliyeweza kuitaja, na kila toleo la zamani Mang Cleto alikuwa amekwisha kulichana. Sauti za waigizaji zipo zote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mjumbe mmoja aliuliza kama kipande hicho kinaweza kuchorwa tena. Bw. Bantug alijibu kwamba hilo aulizwe aliyekichora. Bi. Dumlao alisema: "Macho haya hayawezi tena, na ninyi mnajua." Swali liliishia hapo.

KUMB. NA. 4/11/2009: OMBI LA BI. ICASIANO

Mwenyekiti alimkaribisha Bi. Icasiano. Aliketi karibu na dirisha na aliwaomba wajumbe wanaozungumza wataje majina yao kwanza, kwa kuwa haoni vizuri mtu aliyekaa pembeni.

Alieleza kwamba kuna kampuni ya Makati inayotaka kuifanya Ngazi ya Nyuzi kwa kompyuta. Vijana wake ni wapole na walimletea keki. Wameahidi kumaliza upesi. Sharti lao ni moja, kwamba isiwepo filamu nyingine ya kitabu hicho inayoonyeshwa popote, iliyokwisha wala isiyokwisha. Kwa hiyo alikuja kuuomba Umoja uiachie ile ruhusa ya zamani.

Mwenyekiti aliuliza, kwa niaba ya kikao, kwa nini sasa.

Bi. Icasiano alisema (ameomba yaandikwe kama alivyoyasema): "Daktari ameniambia macho yanafunga kutoka pembeni kuja katikati. Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kesho kutwa bomba nalo litazibwa. Mimi sitaki sifa, wanangu, sifa nimekwisha kuzipata kwa wanafunzi wangu. Nataka kumwona Isay akipanda. Mara moja. Kwa yeyote atakayeweza kunionyesha."

Mwenyekiti aliagiza kahawa igawiwe.

KUMB. NA. 5/11/2009: MJADALA

Mwenyekiti alipendekeza ombi likubaliwe. Alisema filamu imekwisha kufa na maji yameizika, na ni heri mtoto alelewe na wengine kuliko kukosa mlezi.

Kinyume na ilivyotarajiwa, Mang Cleto alimuunga mkono. Alisema kilichobaki hakifai kuonyeshwa kwa mtu. Ni vipande, vingine havina rangi, vingine wahusika hawana macho. Mtu hamkaribishi mgeni nyumba ikiwa haijaezekwa.

Bi. Dumlao aliomba nafasi. Mwenyekiti alimwambia azungumze kwa kifupi. Alisema ameshakaa kifupi miaka kumi na mitano, leo atazungumza kwa urefu wake.

Aliukumbusha mkutano wiki ile ya tamasha la Manila. Alisema mama yake mzazi alitoka Pangasinan kwa basi akiwa mgonjwa, na gauni lake la kanisani amelibeba kwenye mfuko ili lisikunjamane, aje aone kitu ambacho bintiye alikuwa anakikeshea kila Jumamosi badala ya kwenda kumtazama. Alipofika akaambiwa hakuna filamu, mwongozaji ameiondoa. Akarudi Pangasinan na gauni lake. Hakuwahi kuja tena, kwa sababu alifariki kabla ya mavuno.

"Mang Cleto, mimi sijawahi kukuuliza," alisema. "Nilimchora Isay mpaka nikawa nageuka kitandani kama yeye. Ukachana, nikachora. Ukachana, nikachora. Siku ile kipande cha ngazi kilikuwa kimekwisha. Niambie leo, mbele ya Mwalimu Soledad, kilikosekana nini?"

Mang Cleto alijibu: "Alikuwa hapandi, Perla. Alikuwa anaelea."

Bi. Dumlao: "Anaelea!"

Mang Cleto: "Mtu anayepanda kwenye uzi juu ya bahari ana uzito. Anajua akiteleza ni kifo. Isay wetu alikuwa anapanda kama anayejua kwamba filamu itaisha vizuri."

Bw. Bantug alitamka neno ambalo Mwenyekiti aliagiza lisiandikwe. Halijaandikwa. Lilihusu uzito.

Bi. Dumlao alisema kwamba watoto waliojaa ukumbini wasingepima uzito wa mtu, wangemtazama uso. Alisema kuna watu wanaoitwa waangalifu kumbe ni waoga tu, na kwamba kitu kisichoonyeshwa hakiwezi kuzomewa, ndiyo maana.

Mwenyekiti alimwomba aiondoe kauli hiyo. Alikataa. Mang Cleto alisema iachwe, kwa kuwa hata mke wake humwambia hivyo.

Mwenyekiti alitaka kura ipigwe. Bi. Icasiano aliinua mkono akasema yeye ndiye anayeombwa kuamini kwamba filamu hii haifai, na bado hajaonyeshwa hata kipande. "Nyote mmeiona. Mnanisimulia mchuzi bila kunipa kijiko. Projekta ile ya nini pale, pambo?"

Mang Cleto alipinga. Alisema hajawahi kumwonyesha mtu wa nje michoro ya penseli. Bi. Icasiano alimuuliza yeye ni mtu wa nje kwa nani. Mwenyekiti aliamuru madirisha yafungwe.

KUMB. NA. 6/11/2009: KUTAZAMA KILICHOSALIA

Bi. Icasiano alihamishiwa kiti cha mbele, katikati kabisa, ili ukuta uingie katika sehemu anayoiona. Bw. Bantug aliwasha.

Katibu anakiri kwamba kwa muda huu hakuandika kila kitu.

Sehemu ya kwanza ilipita vizuri. Isay alifuma, kuku wake walimsumbua, mwezi ukamezwa. Wajumbe waliochora kuku walitajana majina gizani. Ilipofika sehemu ya kati rangi ilitoweka ghafla, ikabaki mistari ya penseli inayotetemeka ukutani. Kuna mahali Isay alikuwa duara na vijiti vinne. Mang Cleto alisikika akisema, "Samahani, Mwalimu." Bi. Icasiano alimwambia anyamaze.

Kisha kikafika kipande cha ngazi. Ukuta ukawa mweupe mtupu. Sauti iliendelea. Upepo ulisikika, kamba zikalia, na pumzi ya msichana aliyeigiza sauti ya Isay, ambaye leo ni bibi wa watu. Wajumbe walitazama mwanga. Bw. Bantug alitaka kuruka mbele. Bi. Icasiano alisema: "Usiruke. Anapanda, si ndiyo? Namsikia. Anafanyaje?"

Hapo Mang Cleto aliinuka. Wajumbe walidhani anatoka. Alikwenda mbele akasimama kwenye mwanga, kivuli chake kikakaa ukutani, akainua mkono wa kulia kama anayeshika uzi.

Ieleweke kwamba zamani ndivyo tulivyofanya kazi. Kabla ya mchoro wowote mwongozaji alikuwa anaigiza mwendo, na mchoraji anautazama. Kwa miaka kadhaa sasa Mang Cleto hajaigiza kitu kwa sababu ya maradhi yake ya kutetemeka. Anakunywa hata kahawa kwa kijiko.

Alipanda pale pale aliposimama, akifuata pumzi iliyokuwa ikitoka kwenye spika. Mkono, goti, mkono. Bi. Dumlao alisema kutoka kwenye kiti chake: "Si hivyo. Mguu wa kushoto kwanza. Mara ngapi umenichania kwa sababu ya mguu huo?" Mang Cleto alibadilisha mguu. Bi. Dumlao aliinuka akaenda kusimama nyuma yake, akamshika kiunoni, kwa sababu alikuwa anayumba.

Kivuli cha mkono wake kilikuwa kikubwa kwenye ukuta. Vidole vilifunga juu ya uzi ambao haukuwepo, vikatetemeka, vikaachia, vikatafuta uzi mwingine. Mjumbe mmoja nyuma alisema polepole, "Ataanguka," kama mtoto.

Bi. Dumlao alisema: "Mang Cleto. Mkono huo. Ndio huo. Hatukuwahi kuutetemesha mkono wake."

Mang Cleto alisema bila kugeuka: "Wakati ule sikuwa nao."

Waliendelea mpaka sauti ya kipande hicho ilipokwisha. Isay alipofika juu, Mang Cleto alishusha mikono, na Bi. Dumlao alimrudisha kitini. Kipande cha mwisho, cha mwezi kutoka, kipo kwa penseli nusu na rangi nusu. Kilionyeshwa. Madirisha yalifunguliwa.

Bi. Icasiano alikuwa akijifuta uso kwa mtandio aliojitanda. Alisema kwamba alipoandika sura ile alikuwa msichana wa umri wa Isay, naye alidhani mtu anaweza kupanda bila kuogopa. Alisema mzee huyu amemwelewa Isay kuliko yeye.

KUMB. NA. 7/11/2009: MAAMUZI

Bi. Icasiano aliliondoa ombi lake. Alisema ataiambia kampuni kwamba kitabu watapewa, ila sharti la kuizuia filamu nyingine halitakubaliwa.

Mwenyekiti alimtahadharisha kwamba huenda kampuni ikajitoa, na macho yake yakafunga kabla hajapata kampuni nyingine. Bi. Icasiano alijibu: "Leandro, mwanangu, hilo nimelipima wakati ninyi mnafungua madirisha. Niliomba mara moja. Nimepata mara moja."

Bi. Dumlao alitoa hoja kwamba filamu ionyeshwe kwa watu wa Marikina kama ilivyo, na pengo lake, bila kuficha penseli. Bw. Bantug aliunga mkono. Alipendekeza pia Mang Cleto aigize kipande cha ngazi siku hiyo mbele ya watu. Mang Cleto alisema yeye si sarakasi. Pendekezo liliondolewa.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Mwenyekiti, aliyekuwa ameanza kwa kutaka filamu iachiwe, aliinua mkono wa kuionyesha, akasema asiulizwe. Mang Cleto hakuinua mkono upande wowote. Alisema mkono wake siku hizi unajiinulia wenyewe na hauaminiki kwenye hesabu. Bi. Dumlao alimwambia aseme kwa mdomo basi, kwa maana mdomo haujawahi kumtetemeka. Mang Cleto alisema: "Ionyeshwe."

Iliamuliwa kwamba filamu ionyeshwe. Mahali pa pengo ukuta ubaki mweupe na sauti iendelee.

Mang Cleto aliomba jambo moja, kwamba Bi. Dumlao amchoree Isay picha moja tu ya mkono ulioshika uzi, ya kubandikwa mlangoni siku ya onyesho, hata kama mistari haitanyooka. Bi. Dumlao alijibu kwamba hajamsamehe kuhusu mama yake na hataki mtu adhani mchana wa leo umelifuta hilo. Mang Cleto alisema hakudhani. Bi. Dumlao alisema kuhusu picha atafikiri. Jambo hili halikuamuliwa.

KUMB. NA. 8/11/2009: MENGINEYO

Bi. Icasiano alisema ana swali dogo ambalo pengine si la kikao. Kwenye ukuta nguo ya Isay ilionekana kijivujivu, na hakujua kama ni mkanda umechakaa au ni macho yake. Aliuliza ilikuwa rangi gani hasa.

Mwenyekiti alimwelekeza kwa Katibu, ambaye ndiye aliyeichanganya.

Katibu alijibu kwamba ilikuwa zambarau iliyotulia, kama kiazi cha ube kilichopondwa kikatiwa maziwa. Alieleza kwamba rangi hiyo haikuuzwa dukani, na aliipata baada ya kuharibu makopo mengi. Haikumtoka kwenye kucha hata siku ya harusi ya dada yake, na iko kwenye picha za harusi hadi leo.

Bi. Icasiano aliomba aelezwe tena, polepole. Alielezwa. Alifumba macho wakati akisikiliza. Alisema kwamba hadithi ilitoka kwanza kwenye gazeti la kila wiki, na michoro yake ilikuwa ya wino mweusi. Kwenye kitabu hakumvika Isay rangi yoyote, alisema tu kwamba nguo yake ililoa. Maisha yake yote alikuwa akimwona wa kijivu, akidhani ndivyo alivyo.

"Zambarau," alisema. "Kumbe. Basi iandikwe."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyepinga. Imeandikwa.

KUMB. NA. 9/11/2009: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na nusu jioni. Bi. Dumlao na Katibu walimshusha Bi. Icasiano ngazi za tope wakimshika huku na huku.

Imethibitishwa kuwa ni kumbukumbu sahihi za yaliyosemwa, isipokuwa neno moja la Bw. Bantug.

(Sahihi) L. Macaraeg
Mwenyekiti

(Sahihi) E. Tolosa
Katibu